Kopu na kopo

Siku nilipomwambia Shangazi kwamba nimepata kazi ya kutafsiri mambo ya kopu, alinyanyua lile kopo lake la rangi lililopauka, akalitazama, kisha akaniuliza: "Kopo la kiasi gani? La elfu moja au la mia tano?"

Shangazi anauza mkaa. Wakati huo, mwaka 2021, kibanda chake kilikuwa Kigogo, hatua chache kutoka darajani. Kwake yeye kopo ni kipimo. Anayebandika maharage huchukua matatu, wa chai ya alfajiri huchukua moja na kuomba nyongeza ya chenga. Kopu yangu mimi ilikuwa ule mkutano wa kila mwaka wa nchi zilizoridhia mkataba wa tabianchi wa mwaka 1992, ambao jina lake Waingereza wamelikata likabaki herufi tatu, nasi tukaliongezea irabu mkiani kama kawaida yetu. Nilimweleza yote hayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye khanga.

"Kwa hiyo wanakaa wiki mbili wanazungumzia moshi," akasema. "Na wewe unalipwa."

Nilikuwa nalipwa kwa neno. Tena kwa neno la Kiingereza, si la Kiswahili. Wafasiri wenzangu wanajua maana yake: ukilipwa kwa hesabu ya andiko la asili, kadiri Kiswahili chako kinavyokuwa kifupi ndivyo unavyolala mapema. Hilo ndilo lililoniponza.

Shirika moja, jina lake halina kazi hapa, lilitaka kipeperushi cha kurasa nne cha kugawa kwenye mitaa inayopakana na Mto Msimbazi. Kiingereza chake kilikuwa na maneno mawili yaliyojirudia karibu kila aya. La kwanza lilihusu kupunguza gesijoto zinazopanda angani: kuzima mitambo ya makaa ya mawe, kuachana na petroli, kutunza misitu. La pili lilihusu kujiandaa na balaa ambalo limeshafika: kuinua daraja, kujenga ukuta wa bahari, kutoa watu bondeni. Ni mambo mawili yanayotofautiana kama kumkamata mwizi na kununua kufuli jipya. Kazi ya kwanza inamhusu zaidi mwenye viwanda. Ya pili inamwangukia yeyote aliyeibiwa.

Sasa, Kiswahili cha ofisini kina neno moja linalomeza yote mawili: kukabiliana. Kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Lina uzito mdomoni, limezoeleka redioni, na sijaona mhariri anayelihoji. Nikalibandika kila mahali. Baadaye nilihesabu: mara 31 katika kurasa nne.

Mkutano wa wananchi ulifanyika ofisi ya serikali ya mtaa, viti vya plastiki, maji ya chupa, karatasi ya kusaini posho ya nauli. Nilikwenda kwa kiburi kidogo, nikakaa nyuma nisikie maneno yangu yakisomwa. Mwezeshaji, kijana mwenye sauti nzuri, akasoma: "Wananchi wa bondeni wanapaswa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi kwa kupunguza matumizi ya mkaa na kuhama maeneo hatarishi."

Kwenye Kiingereza hizo zilikuwa sentensi tatu zenye watendaji watatu. Nchi tajiri zilikuwemo. Serikali ilikuwemo. Mimi niliwaunganisha wote wakawa mtu mmoja, mwananchi wa bondeni, kwa sababu ilikuwa saa saba usiku na umeme ulikuwa umerudi muda si mrefu.

Jamaa mmoja kwenye mstari wa pili akageuka. "Kumbe nyie wauza mkaa ndio mnatuletea mafuriko!"

Watu wakacheka. Si kicheko cha ubaya, kilikuwa kicheko cha Dar cha kupoza joto la chumba. Shangazi hakucheka. Alikusanya khanga yake, akachukua kipeperushi, akakikunja mara nne, akakitia kifuani. Tulipotoka nje nilimfuata kwa shikamoo yangu ya kujipendekeza, akaitikia bila kunitazama. "Marahaba. Hivi mwanangu, huo mto mimi nimeufanyia nini?"

*

Ili mjue kwa nini swali lile lilinikaa, inabidi nirudi Desemba 2011.

Tulikuwa tunaishi Mchikichini, yeye Shangazi akiwa Magomeni Suna, ng'ambo ya bonde. Mto wenyewe unatokea vilima vya Pugu, unajikongoja kuvuka jiji, unaingia baharini kwenye daraja la Salenda. Kiangazi unaweza kuuruka ukiwa na viatu. Tarehe 20 mwezi huo mvua ilianza asubuhi, na mchana wake Jangwani ilikuwa bahari. Mzee mmoja alituambia hajaona kitu kama kile tangu miaka ya hamsini. Zaidi ya watu 40 walikufa jijini. Shangazi alipoteza magunia tisa ya mkaa. Aliyaona yakielea, anasema, kama viboko. Alilala kwenye paa la jirani na wajukuu wawili.

Kuna utani wa mpira ambao kila mtu wa Dar anaujua. Wana Msimbazi ni Simba, wana Jangwani ni Yanga, na mto ukifurika barabara ya Morogoro ikafungwa, wenye nyekundu husema Msimbazi kaifunga Jangwani ugenini. Mwaka ule hakuna aliyeutania.

Jambo lililonishika miaka mingi baadaye, nikiwa natafuta tarehe za kazi yangu ya kutafsiri, ni hili. Mkutano wa kopu wa mwaka 2011 ulifanyika Durban, Afrika Kusini. Ulimalizika Jumapili tarehe 11 Desemba. Kesho yake, tarehe 12, Canada ikatangaza kwamba inajitoa kwenye Itifaki ya Kyoto, ile ya mwaka 1997 iliyozitaka nchi za viwanda zipunguze gesijoto kwa wastani wa asilimia 5 chini ya kiwango cha mwaka 1990. Siku nane baada ya tangazo hilo, magunia ya Shangazi yakaelea.

Sisemi Canada ndiyo iliyonyesha mvua. Mvua moja haina mwenyewe, na kwenye kijiwe chetu kuna mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye angenirarua nikisema hivyo. Nasema tu kwamba nilipoziona tarehe hizo kwenye mstari mmoja, nilifunga kompyuta nikaenda kunywa kahawa.

*

Kijiwe chenyewe kiko Magomeni, kinachangamka baada ya swala ya alasiri. Dele la kahawa juu ya jiko dogo la mkaa (naam, mkaa), kashata kwenye sahani ya bati, na drafti inayochezwa kwa vifuniko vya soda. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi kuhusu mijadala hii kuliko kwenye nyaraka zote nilizofasiri, kwa sababu pale hakuna anayetumia neno asilolielewa. Ukilitumia watakuuliza.

Siku moja fundi cherehani aliuliza ni nani hasa anayechafua. Mwalimu akasogeza drafti, akaweka kifuniko kimoja katikati. "Huyu ni Mtanzania. Hewa ukaa yake kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe haifiki hata theluthi ya tani kwa mwaka." Kisha akaanza kupanga vifuniko vya Mmarekani, ambaye anatoa tani kama 14. Vifuniko vyote 24 viliisha. Akaomba na vya chupa zilizokuwa chini ya benchi, vikaisha pia, na bado hajamaliza.

"Na Mchina?" akauliza kijana wa bajaji.

"Mchina kwa kichwa ni kama tani nane. Lakini vichwa vyake vingi, kwa hiyo kwa jumla sasa yeye ndiye wa kwanza, karibu theluthi ya dunia nzima. Na mwaka 1992 walipogawana mafungu aliwekwa na sisi, maskini." Mwalimu akanywa kahawa. "Ndiyo maana hawaelewani. Kila mmoja ana hesabu inayomfaa."

Kuhusu Marekani, kijiwe kilishatoa fatwa. Fundi ndiye aliyeianzisha. Kyoto, alisema, Mmarekani alichumbia tu. Alitia saini lakini mahari hakutoa, hakuridhia kamwe. Mkataba wa Paris, ule wa mwaka 2015, akauoa. Mwaka 2017 akatangaza kuacha, talaka ikatimia Novemba 2020. Februari 2021 akarejea. Hapo pakazuka ubishi mkali kama alirejea ndani ya eda au nje, watu wakahesabu siku kwa vidole, Hajji akaamua kwamba alichelewa kidogo ila asamehewe kwa kuwa ni mgeni wa sheria. Januari 2025 ikaandikwa ya pili.

"Imebaki moja," akasema Hajji. "Akiitoa hiyo, harudi mpaka mke aolewe kwingine."

Tulicheka mpaka muuza kahawa akamwaga. Lakini kijana wa bajaji hakuwa anacheka sana. Yeye alikuwa amefunga mfumo wa gesi asilia kwenye bajaji yake petroli ilipopanda, na siku hiyo alikuwa ametumia nusu ya asubuhi kwenye foleni ya kujaza pale Ubungo. "Mimi nimepunguza hewa ukaa," akasema, "na hakuna mtu aliyenialika kopu ya Dubai."

"Hukupunguza hewa ukaa sana, ulichopunguza zaidi ni gharama," akajibu Mwalimu. "Na gesi ya Songo Songo nayo ni mafuta ya ardhini, ina moshi wake. Nafuu tu."

"Sasa tufanye nini nayo, tuiache chini? Waliochimba miaka mia mbili ndio watuambie?"

Hapa mjadala huwa unakwenda moja kwa moja kwenye bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulikosoa, na kijiwe chetu kilichafuka wiki nzima. Nami nilichangia, kwa mara ya kwanza nikiwa na kitu kipya mkononi. Nikawaambia kwamba mwaka huohuo, vita vya Ukraine vilipoikausha Ulaya gesi ya Urusi, Ujerumani ilirudisha kazini mitambo ya makaa ya mawe iliyokuwa imepumzishwa. Na bandari ya Mtwara, iliyozoea korosho, ilikuwa inapakia meli za makaa ya mawe yaliyoletwa na malori kutoka Ruvuma, kwa sababu wanunuzi wa ng'ambo walikuwa wanahangaika kuyatafuta. Haukupita hata mwaka tangu kopu ya Glasgow.

Kimya. Kisha Hajji: "Kwa hiyo mkaa wa shangazi yako ni haramu, wa Songea ni halali."

Nilitamani Shangazi angekuwepo. Mwalimu, ambaye hapendi mtu ashinde kirahisi, akatukumbusha kwamba hata sisi tusimvike Mzungu kila dhambi. Mto Msimbazi tumeuziba kwa taka wenyewe. Mchanga wake tumeuchimba. Tumejenga hadi kitandani kwake, halafu tukapaita mahali pa maji Jangwani. "Joto la dunia linaongeza maji kwenye ndoo," akasema, "lakini ndoo tumeitoboa sisi." Sikumpenda siku ile. Hata hivyo alikuwa sahihi, na kipeperushi changu kilikuwa hakijasema hilo pia.

*

Nikaanza kusoma nyaraka zile upya, safari hii polepole, kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha mwenyewe. Nikagundua kwamba wakubwa wale nao wanafanya kazi yangu. Usiku kucha wanagombania neno.

Paris, siku ya mwisho, rasimu ilikuwa na kifungu kilichosema nchi tajiri "zitaongoza" katika kupunguza, kwa lugha ya sheria isiyo na hiari. Marekani ikaona neno hilo lingeilazimu kupeleka mkataba kwenye Baraza lake la Seneti, ambako ungefia mlangoni. Ukumbi ukasubiri. Kisha yakasomwa marekebisho yaliyoitwa ya kiufundi tu, na "zitaongoza" ikawa "zinapaswa kuongoza". Neno moja. Mimi neno kama hilo nalipwa shilingi mia na kitu.

Glasgow, Novemba 2021, andiko lilisema nchi ziondoe kabisa umeme wa makaa ya mawe usiozuiliwa moshi wake. Dakika za mwisho India ikaomba "kuondoa" iwe "kupunguza". Ikapita. Alok Sharma aliyekuwa anaongoza mkutano aliomba radhi, sauti ikimkatika. Dubai, Desemba 2023, kwa mara ya kwanza wakaandika kwamba dunia "ihame" kutoka kwenye mafuta, gesi na makaa ya mawe katika mifumo ya nishati. Nilikaa na hilo neno "ihame" kwa muda mrefu. Nilitaka kulikwepa, nikashindwa, maana ndilo lilelile.

Wanaijua bondeni, hiyo kuhama. Desemba 2015, siku chache baada ya Paris kupigiana makofi, bonde la Msimbazi lilikuwa na bomoabomoa, na kuta zilizobaki zilikuwa zinapakwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Nyumba ya Shangazi ilipata X yake ikaishi nayo miaka, ukimuuliza anapokaa alikuwa anasema "nyumba ya X, ya tatu." Yeye alipewa siku za kuhesabu. Mafuta ya dunia yameambiwa yahame, na hayakupewa tarehe ya mwisho.

Kisha kuna neno fidia. Hili kila mtu wa bondeni analijua kuliko jina la mbunge wake. Uamuzi uliopitishwa pamoja na Mkataba wa Paris unasema wazi kwamba kifungu kinachohusu hasara na uharibifu hakiwi msingi wa dhima wala fidia. Sharm el-Sheikh mwaka 2022 wakakubali kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu. Dubai ukafunguliwa, ahadi za kwanza hazikufika dola bilioni moja kwa dunia nzima. Nilijaribu kumweleza Shangazi tukiwa kibandani.

"Watatoa hela, lakini isiitwe fidia," nikasema.

"Iitwe nini?"

"Msaada. Mchango."

"Sadaka." Akapuliza jiko. "Sadaka mtoaji anachagua siku."

Na siku wanachagua kweli. Copenhagen, mwaka 2009, nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Zilifikisha mwaka 2022, na sehemu kubwa ya fedha hizo za serikali ilikuwa mikopo. Baku mwaka 2024 zikaahidi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, wakati nchi zinazoendelea zilikuwa zinataja trilioni 1.3. Sisi wenyewe hapa, ule mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, wa kuinua daraja la Jangwani na kuupa mto nafasi yake, umepata dola milioni 200 za Benki ya Dunia ambazo ni mkopo. Wenye masharti nafuu, ndiyo, na mradi wenyewe mimi naona ulichelewa kuja. Lakini fundi cherehani alipolisikia hilo aliweka kikombe chini. "Jirani kachoma taka, moshi umeniozesha paa, halafu ananikopesha bati."

*

Sasa kuhusu mkaa, kwa sababu najua wasomaji wangu wengine wameshakunja uso: huyu anatetea mkaa.

Sitetei. Shangazi anakohoa. Miaka thelathini ya kuinamia vumbi na moshi ina bei yake, na aliyewahi kusikia kikohozi kile alfajiri hahitaji takwimu. Miti nayo inakatwa kweli. Zamani mkaa ulitoka Kisarawe hapo, siku hizi wenye malori wanautaja mbali zaidi kila mwaka, na lumbesa imepungua kilemba huku bei ikipanda. Rais Samia aliposimama Dubai mwaka 2023 kuzindua mpango wa nishati safi ya kupikia kwa wanawake wa Afrika, Shangazi alimsikia redioni akaniambia kwa fahari, "Ametutaja." Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Naam, na iwe.

Ila mteja wa Shangazi hashindwi gesi kwa ujinga. Mtungi wa kilo sita ukiisha unataka noti kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kopo linataka mia tano ya leo. Aliyepata mia tano leo ananunua mia tano ya leo. Wakishamletea gesi inayopimwa kwa mia tano, hatakusubiri umhutubie kuhusu barafu ya ncha ya dunia.

Kuna sababu nzuri za kuacha mkaa, na zote ni za kwetu: kifua, msitu, muda wa mtoto wa kike. Nilichofanya mimi kwenye kipeperushi ni kuzichukua sababu hizo nzuri na kuzigeuza kuwa deni la mafuriko, nikamwandikia Shangazi hati ya deni la watu wengine. Tanzania yenyewe imeahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na ambavyo zingekuwa bila hatua yoyote. Yaani tunaahidi kupunguza sahani ambayo haijapakuliwa. Siikatai ahadi. Nataka tu isemwe hivyo ilivyo inaposomwa mbele ya wauza mkaa.

*

Niliomba kukiandika upya bila malipo. Walishangaa, wakakubali, mradi kisizidi kurasa nne.

Kwa neno la kwanza nilibaki na "kupunguza", na kila mara nikaweka anayepunguza: nchi fulani, kiwanda, serikali. Sentensi ziliongezeka kama watoto wa sungura. Kwa neno la pili nilichagua "kuhimili", ambalo wataalamu wetu hulitumia siku hizi. Nikampelekea Shangazi asome kabla ya mtu mwingine yeyote. Alivaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi.

"Kuhimili hapana," akasema. "Kuhimili ni kuvumilia. Nimevumilia tangu kumi na moja. Andika kujikinga."

Nikabisha kidogo, nikamwambia neno rasmi ni hilo. Akaniuliza ukuta wa pale ufukweni, ule wa barabara ya Obama, unahimili au unakinga. Ule ulijengwa kwa fedha za Mfuko wa Kujirekebisha na Tabianchi, uliozaliwa kutokana na Kyoto, na vijana wanaupigia picha jioni bila kujua umetoka kwenye kopu. Unakinga. Nikaandika kujikinga. Mhakiki wa shirika alilizungushia duara jekundu, nikalitetea kwa barua ya kurasa mbili, ndefu kuliko nusu ya kipeperushi chenyewe, likapita.

Mwaka 2024 nyumba ya X ilivunjwa, baada ya malipo ya mradi kutoka. Shangazi alihamia Kivule. Pana mwinuko, maji yanapita mbali, na kifua kinampa nafuu kidogo. Ana mtungi mdogo wa gesi kwa chai yake mwenyewe, na mbele ya nyumba anauza mkaa kwa majirani.

Nilimtembelea mwishoni mwa Novemba 2025, kopu ya Belém, Brazil, ikiwa imemalizika wiki hiyohiyo. Nilimkuta na mteja. Alijaza kopo, akapitisha kiganja juu kulisawazisha, mama yule akaomba nyongeza, Shangazi akachota chenga kwa vidole vitatu, akatupia.

"Haya, safari hii wamesemaje?"

Nikamwambia la mafuta halikusogea. Ila la kujikinga, nikasema, wametoa mwito wa kuongeza fedha zake angalau mara tatu ifikapo 2035.

"Mara tatu ya ngapi?"

Nikatoa simu, nikafungua lile andiko, nikaanza kutafuta kutoka juu. Mteja mwingine alishafika na mfuko wake. Nilikuwa nimefika aya ya mwisho, nikarudi tena mwanzo, na Shangazi alikuwa amesimama na kopo mkononi ananisubiri.